Mahindi makavu ndiyo yanayovuka mpaka

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini). Siku chache baadaye ikalegeza, ila kwa sharti kwamba mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumu hiyo iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Sisi huku tunabishana kuhusu mbegu na mbolea, na si vibaya, lakini gunia likishakataliwa mpakani hakuna anayeuliza ulipanda mbegu gani.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoanzia shambani, hasa mahindi yakipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu, kisha hushamiri ghalani punje zikiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo kabla ya kuwa suala la biashara ni suala la sufuria yako mwenyewe.

Vuna punje zikionyesha doa jeusi kitakoni. Hapo hindi limekomaa. Kuliacha wiki nyingi likisubiri "likauke vizuri" ni kumkaribisha dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo, kwa kuwa kuvu wanaishi humo. Chambua zilizooza na zilizovunjika. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna kipima unyevu? Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, bado endelea kuanika kidogo.

Mkulima atauliza: nikikausha, si napunguza kilo? Ni kweli. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikifikishwa 13.5 hubaki kama 95. Mnunuzi anayepita shambani halipi ukavu, analipa uzito, kwa hiyo anayekausha na kuuza papo hapo anapata hasara ya kilo tano. Hili ndilo tatizo lenyewe la kilimo chetu cha nafaka, na halitatuliwi kwa kumlaumu mkulima.

Ukavu hulipa ukiweza kusubiri. Mifuko isiyopitisha hewa huua wadudu kwa kuwakosesha oksijeni bila dawa: kamua hewa, sokota mdomo, kunja, funga kwa mpira, na usiifungue ovyo. Mahindi mabichi humo yataoza tu. Baada ya hapo unganeni kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au kikundi, mnunue kipima unyevu kimoja, muuze mzigo mkubwa wa daraja moja kwa NFRA (wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula), wasagishaji au kupitia stakabadhi ghalani, yaani unaweka mzigo ghalani na kupewa hati ya kuuzia, palipo na ghala lenye leseni. Na mizani iwe ya kilo. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ikataeni mkiwa pamoja, maana mmoja mmoja mtashindwa.