Chokaa Iliyozimwa: Namna ya Kuitambua, Kuiandaa na Kuitumia

Anayetaka kutumia chokaa vizuri hana budi kwanza kujua ni chokaa ipi aliyo nayo, kwa maana madukani jina hilo moja hubeba vitu vitatu tofauti. Kuna unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa tu bila kuchomwa, ambao kikemia ni kabonati ya kalsiamu. Kuna mawe yaliyochomwa tanurini yakawa oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa isiyozimwa. Kisha kuna ile iliyochomwa ikatiwa maji na kuwa hidroksidi ya kalsiamu, na hiyo ndiyo chokaa iliyozimwa inayohusika na mwongozo huu.

Jiwe la chokaa likipata joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 100 za jiwe safi hubakiza kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Kilo hizo 56 zikinywa kilo 18 za maji hugeuka kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa, huku joto kali likitoka. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huvuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, huachia maji yake, na polepole hurudi kuwa jiwe. Karibu kila sharti la kazi ya chokaa, pamoja na subira yote inayodai, linatokana na safari hiyo ya kutoka jiwe hadi jiwe.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua safari hiyo kwa vitendo karne nyingi kabla ya kuandikwa kwenye vitabu vya kemia. Kuta za Kilwa Kisiwani, Gedi, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake na kuwasha moto, kisha rundo jeupe lililobaki likaachwa lizimwe na umande na mvua. Ujuzi huo unastahili heshima, lakini sioni sababu ya mtu wa leo kuchoma matumbawe: miamba hai ndiyo mazalio na makimbilio ya samaki, na moto wa namna hiyo hula miti mingi mno. Chokaa ya mawe ya nchi kavu, kama yale yanayochimbwa Tanga, Koru nchini Kenya au Tororo nchini Uganda, hufanya kazi ileile.

Ukinunua mfuko wa unga ulioandikwa kuwa ni chokaa iliyozimwa, upime kabla ya kuutumia. Chukua kijiko cha unga huo, ulowanishe kwa maji, kisha udondoshee siki au maji ya ndimu. Chokaa iliyozimwa iliyo nzima haitoi mapovu, au hutoa machache sana. Ikichemka kwa povu jingi, basi ama umeuziwa unga wa mawe usiochomwa, ama mfuko umekaa muda mrefu ukapigwa na hewa hadi chokaa ikageuka kabonati humo humo. Unga wa namna hiyo hauna tena nguvu ya kushika ukuta, ingawa shambani bado una faida. Kwa sababu hiyo mfuko mkavu uhifadhiwe umefungwa vizuri, juu ya mbao, mbali na unyevu, na usikae ghalani kwa miezi mingi.

Aliyepata mawe ya chokaa isiyozimwa anaweza kuyazima mwenyewe, ila kazi hii ni ya hatari na haifai kufanywa na watoto wakiwa karibu. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, barakoa, nguo za mikono mirefu na gambuti. Tumia shimo lililojengewa au pipa la chuma lililo wazi juu; chombo cha plastiki chepesi huweza kuyeyuka, na chombo chochote kilichofungwa huweza kupasuka. Tia maji kwanza, ujazo wake uwe mara 2 hadi 3 ya ujazo wa chokaa, ndipo uingize mawe kidogo kidogo huku ukikoroga kwa fimbo ndefu. Usigeuze utaratibu huo kwa kumwaga maji machache juu ya rundo la chokaa, kwa kuwa maji hayo yatachemka ghafla na kurusha matone ya moto usoni. Mchemko ukitulia, chuja rojo kwenye wavu mwembamba ili kuondoa vipande visivyoiva, kisha uliache likiwa limefunikwa na maji juu yake.

Rojo hilo lisiguswe kwa wiki 3 angalau, na likikaa miezi 3 ni bora zaidi. Punje ambazo hazijazimika hunywa maji taratibu. Zikiingia ukutani kabla ya wakati, huvimba na kung'oa lipu vipande vidogo vya mviringo. Kadiri rojo linavyokaa ndivyo linavyozidi kulainika, na maadamu maji yanalifunika hewa hailifikii, hivyo haliharibiki hata likikaa miaka. Anayetumia unga wa mfukoni naye auloweke kwa saa 24 kabla ya kazi.

Chokaa iliyozimwa haina moto tena, lakini bado ni kali. Maji yaliyoshiba chokaa hufika pH ya 12.4 hivi (pH ni kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, na juu yake ni ukali wa namna ya chokaa), na ukali huo huchubua ngozi na huweza kupofusha. Ikiingia jichoni, suuza mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, huku kope zikiwa zimefunuliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Usitie siki wala ndimu jichoni ukidhani utapunguza ukali wa chokaa. Vyombo vya alumini navyo visitumike, kwa kuwa chokaa huvila.

Kwa kupaka kuta, chukua rojo sehemu 1 na maji sehemu 3 au 4, ukoroge hadi upate kitu chepesi kama maziwa. Ukuta uondolewe vumbi na kulowanishwa. Brashi ikipita, rangi itaonekana kama haijafunika kitu, lakini itakuwa nyeupe ikikauka. Wengi hudanganyika hapo, wakaongeza chokaa ikawa nzito, na mwisho ukuta ukawa unachafua nguo za kila anayeuegemea. Paka mikono (yaani tabaka) 4 au 5 myepesi, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa siku 1, na kila mara lowanisha ukuta kidogo kwanza. Wapo wanaoongeza chumvi ili chokaa ishike unyevu. Kwenye kuta za mawe ya matumbawe sishauri, kwani chumvi iliyomo tayari inatosha kuleta madhara.

Lipu ya chokaa huchanganywa kwa rojo sehemu 1 na mchanga sehemu 3. Mchanga uwe mkali wenye punje ndogo na kubwa, usio na udongo, na ule wa ufukweni usitumike kwa sababu ya chumvi yake. Kila mkono wa lipu usizidi milimita 10 hivi, na mkono wa pili usianze kabla wa kwanza haujakaza. Hapa ndipo fundi aliyezoea saruji hukosea: kukauka kwa chokaa si kukomaa kwake. Ili kaboni dioksidi iingie na kuigeuza jiwe, chokaa inahitaji unyevu kidogo, hivyo lipu iliyokaushwa na jua kali kwa siku moja hubaki unga. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa na uinyunyizie maji kwa wiki nzima ya kwanza. Ndani kabisa itaendelea kukomaa kwa miezi.

Kwa wenye nyumba za kale za pwani nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote: msizipige lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kama mvuke kupitia uso wake. Lipu ya saruji huziba njia hiyo, na rangi za plastiki hufanya vivyo hivyo. Unyevu hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuvunja uso wa mawe, na ncha za boriti zilizoshikilia dari huanza kuoza mahali pasipoonekana. Saruji inaonekana imara mwaka wa kwanza, kisha hubanduka ikiwa imebeba ngozi ya ukuta. Lipu ya chokaa ikichakaa huharibika yenyewe na kuliacha jiwe salama, na kuirudishia ni kazi ya rojo, mchanga na mwiko.

Shambani, chokaa iliyozimwa hupunguza tindikali ya udongo upesi kuliko unga wa mawe, na kilo 74 zake hutosha mahali pa kilo 100 za kabonati safi. Udongo wenye pH iliyo chini ya 5.5 huachia alumini inayodumaza mizizi ya mahindi na maharage, tatizo linalojulikana katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na magharibi mwa Kenya. Pima udongo kwanza, kwa sababu kiasi hutegemea udongo wenyewe. Ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, wala usiitie pamoja na mbolea za Urea au DAP, maana nitrojeni itapotea hewani kama amonia. Mashamba ya chai yaachwe. Chai hupenda tindikali.

Chokaa hiyo pia hutengeneza dawa ya ukungu iliyoanzia mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, katika miaka ya 1880, na ambayo wakulima wa kahawa wameitumia dhidi ya kutu ya majani. Kwa lita 10, yeyusha gramu 100 za mrututu (salfeti ya shaba) katika ndoo ya plastiki yenye lita 5 za maji, koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika lita 5 nyingine, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga. Tumbukiza msumari safi wa chuma kwa dakika chache: ukipata rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, kwa kuwa mrututu uliozidi utaunguza majani. Chuja, na uipulizie siku hiyohiyo.

Chooni, kunyunyiza unga juu juu hupunguza nzi na harufu kidogo tu. Ili kuua vimelea vya magonjwa kama kipindupindu, chokaa lazima ichanganyike na kinyesi hadi pH ifike 12 na kubaki hapo kwa saa 2 au zaidi, jambo linalowezekana zaidi kwenye ndoo au pipa kuliko kwenye shimo refu. Na choo ambacho kinyesi chake kinakusudiwa kuwa mboji kisitiwe chokaa kwa wingi, kwa maana itaua pia viumbe vidogo vinavyoiozesha.