Kukagua kutu uvunguni mwa SUV iliyotumika na kujua bei ishuke kiasi gani

Watu wengi wakienda kuangalia SUV iliyotumika wanawasha injini, wanasikiliza, wanakaa kwenye siti, wanaangalia kilomita, alafu wanaanza kuongea bei. Uvunguni hata hawajachungulia. Mi kazi yangu ni kuwakagulia watu magari kabla hawajatoa hela, na kila mteja namwambia hivi: injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa, ila chasisi (fremu ya chuma inayobeba gari) ikishaoza umenunua tatizo ambalo halina spea ya bei rahisi. Na kitu cha kuangalia zaidi sio kutu ni nyingi kiasi gani, ni iko wapi.

Hatua ya 1: Jua gari limejengwaje

Kuna SUV zenye chasisi yake peke yake na bodi imefungwa juu kwa bolti, kama Land Cruiser 70, Prado, Patrol ya zamani, Fortuner, Jimny. Alafu kuna zile ambazo bodi yenyewe ndo chasisi, kama RAV4, CR-V, Forester. Pajero kuanzia toleo la 1999 iko katikati, fremu imeunganishwa ndani ya bodi. Hii inabadilisha kila kitu, maana kwenye gari la chasisi sakafu ikitoboka unaweza kuchomelea na maisha yakaendelea, lakini kwenye gari la bodi moja sakafu na zile boksi za chini ya milango ndo zinabeba gari zima na ndo zinakulinda ukigongwa ubavuni.

Hatua ya 2: Vifaa

Tochi kali, bisibisi butu, nyundo ndogo, brashi ya waya, sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, miwani ya kukinga macho, na simu ya kupiga picha. Ukipata ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu ni bora zaidi, nitakwambia kwa nini. Muombe muuzaji gari lipelekwe gereji lipandishwe kwenye lifti. Kama hamna lifti basi jeki na stendi imara kwenye ardhi ngumu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, jeki inateleza na watu wanakufa hivyo.

Hatua ya 3: Pa kuangalia

Anza nyuma, kwa sababu nyuma ndo kunaoza kwanza kwenye gari nyingi. Angalia chasisi pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, matope yanarushwa na tairi yanakaa pale na unyevu hauishi. Angalia zile boriti za kukatiza, hasa ya pale tairi la spea linaponing'inia na ya pale panapofungwa ndoano ya kuvutia trela (gari lililokuwa linavuta boti mara nyingi nyuma limeshaingia kwenye maji ya chumvi). Nenda kwenye mashina ya mikono ya sasipenshe, pale ilipochomelewa kwenye chasisi, na pale shokapu zinaposhikia juu. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Chuma cha pale kikiachia ukiwa spidi, gurudumu linahama na usukani unakuwa hauna maana tena.

Chasisi ina uwazi ndani na inaoza kutokea ndani kuja nje. Ina matundu ya kutolea maji, yakizibwa na matope maji yanabaki humo miaka, nje unaona rangi nzuri kabisa kumbe ndani chuma kimebaki kama karatasi. Ndo maana nikasema kamera ya waya, ipitishe kwenye yale matundu uone. Kama huna, gonga na nyundo taratibu kwa ruhusa ya mwenye gari, chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa na vipande vinaanza kudondoka.

Alafu paipu za breki na za mafuta. Hizi usizigonge wala kuzichokoa, zifute tu kwa kitambaa uone kama zimevimba au zina vishimo, hasa kwenye vile vibanio maana hapo maji yanajificha. Na mikanda inayoshika tanki la mafuta. Haya yakiwa mabovu yanatengenezeka, lakini kabla ya kutengenezwa gari lisiendeshwe kwenda popote.

Mwisho ndani: nyanyua kapeti miguuni na buti, toa tairi la spea kama linakaa ndani, shika kama kuna unyevu. Kwenye madigadi na chini ya milango pitisha sumaku, isiposhika chuma hapo mara nyingi kuna puti imepakwa kuziba tundu.

Hatua ya 4: Tofautisha kutu na kutu

Kutu ya juu juu ya rangi ya machungwa, ukipiga brashi inatoka na chini chuma kinang'aa, hiyo ya kawaida. Kwenye nyumba ya difu (gia zinazogawa nguvu kwenye magurudumu) na ekseli ni vyuma vinene, usiogope. Kutu inayovimba na kubanduka tabaka tabaka ni hatua nyingine, inavimba maana kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na chuma chenyewe kinapungua. Ya tatu ni pale ukibonyeza bisibisi kwenye chuma inazama. Bisibisi ikizama kwenye chasisi, au kwenye boksi za chini ya milango kwa gari la bodi moja, nawaambia wateja tuondoke, na hapo hata bei ikishuka nusu msimamo wangu haubadiliki.

Jihadhari na uvungu uliopakwa juzi ile dawa nyeusi ya kuzuia kutu. Dawa ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kutu inaendelea kula. Ikiwa nyeusi imepakwa mpaka juu ya eksozi, bolti na waya, aliyepaka alikuwa anaficha. Kwangu hilo ni sawa na kutu mbaya mpaka nikwangue nione chuma.

Hatua ya 5: Bei

Tafuta kwanza gari kama hilo, mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana, lililo safi chini, linauzwaje. Tuseme 100. Alafu peleka picha zako kwa fundi wa kuchomelea na fundi wa breki wakupe gharama, usikadirie mwenyewe. Wakisema 10, wewe toa 15, kwa sababu bolti zilizoshikwa na kutu zinakatika na kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima, na kutu ukianza kuikata unakuta imeenda mbali kuliko ulivyoiona. Toa tena kitu kidogo kwa sababu na wewe siku ukiuza mnunuzi atachungulia vilevile. Kwa hiyo unaongelea 80 hivi. Kutu ya juu juu tupu, mi natoa gharama ya kusafisha na kupaka dawa, basi, kumkandamiza muuzaji kwa hiyo sio haki.

Ukiongea nae muoneshe picha moja moja na ile karatasi ya fundi, mwambie kwa upole hii ndo kazi iliyopo na hii ndo gharama yake. Muuzaji mkweli atakaa chini mhesabu pamoja. Anayekataa gari lisipandishwe lifti, au anayekwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi, mwachie huyo mteja alichukue.