Namna ya Kuandika Historia ya Hip Hop ya Mtaa Wako Nairobi

Anayetaka kueleza jinsi hip hop ya Nairobi ilivyokua hana haja ya kuanza na orodha ya wasanii mashuhuri, kwa sababu orodha hiyo imo vinywani mwa watu wote na kila mmoja huipanga kwa kumpendelea wa kwao. Anza na swali hili: wimbo ulimfikiaje msikilizaji? Mpaka katikati ya miaka ya 1990, redio nchini ilikuwa mikononi mwa KBC, shirika la utangazaji la serikali, na kijana aliyefoka Dandora au Kariobangi alitegemea kaseti, tamasha za shule, kumbi za burudani na spika za matatu. Capital FM ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1996, na vituo vingine vya binafsi vikafuata, milango mingine ilifunguka. Baadaye zikaja simu, kisha YouTube. Kila njia mpya ilileta kundi jipya la wasanii na kuwaacha wengine pembeni, na ukiifuata njia utaelewa kwa nini.

Chagua mtaa mmoja. Nairobi nzima itakushinda, na hata ukiimudu utaishia kurudia yaliyokwisha kuandikwa. Dandora ina Kalamashaka na umoja wa Ukoo Flani Mau Mau, uliowaunganisha wafokaji wa Nairobi na wa Mombasa. Kariobangi South ilitoa K-South. California, mtaa ulio Eastleigh, ilitoa Nonini na Jua Cali, waliorekodi na prodyusa Clemo wa Calif Records na kuupa mtindo wao jina la genge. E-Sir, aliyefariki Machi 2003 akiwa bado kijana, alikuwa wa South C na alirekodi kwa Ogopa Deejays. Octopizzo ni wa Kibera, na Khaligraph Jones ni wa Kayole. Mtaa unaoufahamu vizuri ndio utakaokupa watu wa kuwahoji bila kubisha hodi kwa wageni.

Baada ya mtaa, tafuta studio. Wasomaji wengi huzitazama sura za wasanii na kumsahau aliyekuwa nyuma ya mashine, ilhali mtu mmoja kama Tedd Josiah, kuanzia Sync Sound hadi Audio Vault, aliwarekodi Hardstone, Kalamashaka na Gidi Gidi Maji Maji katika kipindi kifupi, na bila shaka sikio lake limo katika nyimbo zote hizo. Uliza saa za studio zililipwaje na nani, nani alikuja na biti, na nani aliamua beti ipi ikatwe. Uliza pia kompyuta ya kwanza ya kurekodia iliingia lini mtaani na ilikuwa nyumbani kwa nani, maana hapo ndipo studio ilipohamia chumba cha kulala, na bila mabadiliko hayo ni vigumu kueleza jinsi vijana wa gengetone, mtindo uliorithi genge, kama kundi la Ethic waliotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018, walivyoweza kutamba bila kuungwa mkono na kampuni kubwa ya muziki.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupata tarehe. Watu hukumbuka wimbo pamoja na mapenzi yao ya ujana na hukosea mwaka kwa uhakika mkubwa. Tarehe ya kupakiwa kwenye YouTube haisaidii kwa nyimbo za zamani, kwani mtandao huo ulianza mwaka 2005 na nyimbo za kabla ya hapo zilipakiwa baadaye, mara nyingi na mashabiki. Tazama vitu vilivyomo ndani ya picha. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni ni ya baada ya Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki, ambazo pia zilifuta kwa muda michoro iliyokuwa fahari ya magari hayo. Bango la tamasha lenye nembo ya Kencell, kampuni ya simu za mkononi, haliwezi kutangulia mwaka 2000. Jina hilo liligeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008, na Airtel mwaka 2010. Jalada la kaseti lenye nambari ya simu ya mezani pekee, bila ya mkononi, huenda likawa la miaka ya 1990, ingawa ushahidi huo ni dhaifu na unahitaji mwenzake. Sheng isikuhadae: neno linaloonekana la jana linaweza kuwa lilizikwa na kufufuliwa, na mfokaji mkongwe hulitumia la zamani kwa makusudi.

Kaseti zenyewe mara nyingi zimo kwa mama wa msanii, katika sanduku chini ya kitanda, kuliko kwa msanii mwenyewe. Ukiipata moja, usiitie kwenye redio papo hapo. Ichunguze kupitia kidirisha chake. Ukiona madoa meupe ya ukungu juu ya utepe, iache kwa fundi. Tazama kama kile kipande kidogo cha sufu kinachobana utepe bado kimeshika, kisha vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kuicheza, kisha ihamishie kwenye kompyuta kama faili ya WAV, pande zote mbili, pamoja na kelele za mwanzo na mazungumzo ya katikati. Piga picha jalada mbele na nyuma.

Katika mahojiano, omba idhini kwanza na uirekodi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata kama huna ofisi. Maswali mapana huzaa hotuba. Uliza nauli ilikuwa shilingi ngapi, mlangoni alisimama nani, kipaza sauti kilikuwa kimoja au viwili. Andika Sheng kama ilivyosemwa. Wanawake watafute kwa makusudi, maana wanaume wakisimulia humtaja Nazizi wa Necessary Noize kisha wananyamaza, kana kwamba hakukuwa na wengine.

Ugomvi wa kale kati ya waliojiita hip hop halisi na wale wa kapuka (mtindo wa kuchezeka wa Ogopa Deejays) na genge usiuamue wewe. Binafsi naona ulipoteza wino mwingi, lakini unaonyesha nani alinyimwa muda wa redio. Vivyo hivyo kwa siasa: "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji iligeuzwa wimbo wa kampeni ya NARC, muungano wa vyama vya upinzani, mwaka 2002, na inafaa kuwauliza watu wa mtaa wako waliupokeaje mikutanoni.

Madai ya mdomo yalinganishe na magazeti ya wakati huo katika Maktaba ya McMillan au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwenye Moi Avenue. Kila faili ipe jina lenye mwaka, mtaa, msanii na aliyekupa, weka nakala mahali pawili tofauti, na kaseti irudishe kwa mwenyewe pamoja na nakala yake kwenye flashi kabla hujachapisha chochote.