Soli ya raba ya michezo isiyoyumbisha mguu: kuipima, kuikata na kuibandika

Fundi anayebadilisha soli za raba za michezo huletewa ombi lile lile: “Niwekee laini.” Ulaini ndio unaopindua vifundo vya watu. Sponji nene na laini hubonyea zaidi upande unaobeba uzito. Upande huo ukibonyea kisigino huinama, kifundo hufuata, na goti nalo huvutwa. Kinachoushika mguu ni upana wa soli inapogusa chini, kimo cha wayo kutoka ardhini, ugumu wa kila sehemu, na mahali soli inapokunjika. Ulaini upewe milimita chache za juu, basi.

Kabla ya kushika kisu, uliza raba itachezewa wapi. Anayekimbia alfajiri pale Mama Ngina Waterfront, Mombasa, huenda mbele tu, kwa hiyo soli yaweza kuwa na milimita 28 kisiginoni na 20 mbele. Mchezaji wa basketboli au voliboli kwenye saruji huruka na kukata kona, naye apewe 22 kisiginoni na 16 mbele. Vipimo hivi vinajumlisha sponji na mpira wa chini, si soli ya ndani ya kutoa. Wayo ukiwa juu, hata mwinamo mdogo wa pembeni hupata nguvu ya wenzo na kifundo hupinduka upesi. Wapo watakaokuonyesha picha za raba za mbio za barabarani zenye soli nene sana. Ni kweli, sheria za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, huruhusu hadi milimita 40 barabarani, lakini raba hizo zimepanuliwa chini na nyingi zina bamba gumu ndani. Ukiiga kimo peke yake umemtengenezea mtu ajali.

Upimaji ufanywe alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana. Mteja asimame kwenye karatasi kwa miguu yote miwili, uzito sawa, nawe uchore ukingo wa mguu ukiishika penseli wima kabisa. Penseli ikilala, unapoteza milimita 5 bila kujua. Kisha tia alama mbili: kwenye fundo lililo nyuma ya kidole gumba, na kwenye fundo lililo nyuma ya kidole kidogo. Kwa mguu wa milimita 265, alama ya ndani huangukia karibu milimita 190 kutoka kisiginoni, na ya nje karibu 167. Unganisha alama hizo. Mstari unaopatikana umekaa mshazari, na hapo ndipo raba inapaswa kukunjika. Soli nyingi za bei ya chini huwa na mfereji ulionyooka, tena umerudi nyuma mno. Raba ya namna hiyo hukunjika chini ya upinde wa wayo, na mvaaji hulalamika mguu unachoka katikati asijue sababu.

Pima miguu yote miwili, kwani ni nadra kulingana. Fuata mrefu, kisha ongeza milimita 10 hadi 12 mbele ya vidole.

Sasa upana. Kisigino cha milimita 66 kinataka soli ya 78 hadi 80 pale inapogusa chini, yaani nyongeza ya 6 au 7 kila upande. Mbele, ongeza 4 upande wa ndani na 6 hadi 8 upande wa nje kwa michezo ya kukata kona. Katikati usiibane soli kwa ajili ya urembo. Kiuno chini ya milimita 65 hujipinda, kisigino kikaenda kwake na vidole kwao. Lakini upana nao una mwisho. Soli ya mkimbiaji ikichomoza zaidi ya milimita 10 nje ya kisigino, kona ile hugusa ardhi mapema na kuubamiza mguu kwa ndani. Dawa yake ni kuikata mshazari kona ya nyuma upande wa nje: anzia milimita 15 kutoka mwisho wa soli, panda taratibu hadi milimita 5 juu. Kazi ya dakika kumi kwa msasa, na hakuna ukataji mwingine unaoleta tofauti kubwa kama huo.

Sponji ya kukata ni EVA, sponji ya plastiki inayorudi ikibonyezwa, na wauzaji huita EVA kila kitu kinachobonyea. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene sentimita 1, ukipime kwenye mizani ndogo. Gramu 18 hadi 25 ni sponji ya kubeba mtu. Chini ya gramu 12 ni ile ya kufungia vyombo. Itabonyea na isirudi. Mwenye kifaa cha kupima ugumu kwa kipimo cha Asker C atafute 50 hadi 55 kwa tabaka kuu, na 40 hadi 45 kwa tabaka la juu la milimita 5. Mwili mzito uelekezwe kwenye 55. Kuzunguka kisigino acha ukingo wa sponji uinuke milimita 6 hivi juu ya usawa wa wayo, kisigino kikae ndani kama yai kwenye kikombe chake.

Kipande kigumu zaidi upande wa ndani, cha Asker C 60 hivi, kisiwekwe kwa mazoea. Kinafaa pale ambapo kisigino cha mvaaji kinaonekana wazi kulalia ndani akitazamwa kwa nyuma, na pia raba yake ya zamani imebonyea upande huo. Kianzie kisiginoni, kiishe kabla ya mstari wa kukunjia, na kiungo chake na sponji laini kiwe cha mshazari, si cha wima. Kiungo cha wima huhisika mguuni kama ngazi. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, au mwenye maumivu yasiyoisha, apelekwe kwa daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo kwanza.

Kwa raba ya mtumba, iwe ya soko la Kongowea, Mombasa, au kwingineko, chunguza soli ya kati kwa ukucha kabla ya kupatana bei. Baadhi zimetengenezwa kwa poliyurethani, sponji ya aina nyingine, ambayo huvunjwavunjwa na joto na unyevu hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini, na hewa ya Pwani haikosi vyote viwili. Ikimeguka au kuacha unga, usibandike chochote juu yake. Toa yote hadi kwenye kitambaa.

Raba isijipinde kama kitambaa cha kufulia. Shika kisigino kwa mkono mmoja na mbele kwa mwingine, usokote. Ikizunguka bila kukataa, weka bamba chini ya kiuno kati ya tabaka mbili za sponji: faiba ya milimita 1 hadi 1.5, au ngozi ngumu ya soli ya milimita 3, upana milimita 35, kutoka katikati ya kisigino hadi milimita 15 kabla ya mstari wa kukunjia. Likivuka mstari, raba haikunjiki na mvaaji hujikwaa. Plastiki ya mtungi wa mafuta iache, gundi haiishiki.

Chini weka mpira wa milimita 4 kisiginoni na 3 mbele. Tairi la akala hudumu, lakini ni zito na huteleza kwenye vigae vilivyolowa. Kwa saruji, mistari ya zigizaga yenye kina cha milimita 2 hadi 3 inatosha, na chini ya fundo la kidole gumba chora miduara ili mchezaji ageuke bila mpira kung’ang’ania. Kushika kupita kiasi ni hatari: soli husimama, mwili ukaendelea, goti likalipa. Ndiyo maana kwenye viwanja vyetu vya kandanda vya ardhi ngumu meno mengi mafupi ni salama kuliko machache marefu.

Kwenye gundi ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia. Raba iliyotembezwa ufukweni ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na ikauke kivulini siku nzima, maana chumvi huvuta unyevu chini ya gundi. Kwaruza pande zote kwa msasa namba 60 hadi mng’ao uishe. Mpira ufutwe kwa kitambaa chenye thina kidogo. EVA isiguswe na thina, huvimba, bali ipakwe praima yake, dawa ya kuandaa uso ushike gundi. Paka gundi tabaka jembamba, subiri dakika 15, paka la pili, subiri tena hadi isinate kwenye kidole. Wakati wa masika utaona ukungu mweupe juu ya gundi: kimiminika chake kikiruka hupoza uso, unyevu wa hewani ukatua hapo. Ukibandika hivyo, soli itabanduka ndani ya wiki. Upashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ukungu uondoke, kisha ubandike, ukianzia vidoleni, halafu kisigino, mwisho katikati. Gonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda kingoni, na raba isivaliwe kukimbia kabla ya saa 24. Milango iwe wazi na moto wa jiko uwe mbali.

Kushona kunasaidia ikiwa uzi unapita kwenye ukingo wa mpira. Ukipita kwenye EVA tupu huikata kama kisu.

Kabla ya kumkabidhi mteja, weka jozi juu ya kioo na utazame nyuma kwa usawa wa macho. Visigino viwe wima, tofauti ya kimo isizidi milimita 1, na uzito usipishane zaidi ya gramu 10. Asimame kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha aruke pembeni mara chache kila upande. Akiona kisigino kinahama ndani ya raba, kosa liko kwenye ukingo wa nyuma au kamba, si kwenye soli.

Arudi baada ya mwezi na upime tena. Upande mmoja ukishuka milimita 3 kuliko mwingine, usijaze kwa kipande. Toa sponji ya raba zote mbili na ukate mpya kutoka karatasi moja ya sponji.