RAM ya laptop (kumbukumbu ya muda ya kompyuta): lipia nyingi kiwandani unaponunua, au uongeze mwenyewe?

Kabla ya kuamua, kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, kisha Memory, usome mstari wa Form factor. Ukikuta SODIMM (vijiti vya RAM vya laptop), kwa kawaida RAM inachomoka, basi nunua mwenyewe. Vipimo vyake ni vya kiwango kimoja kwa watengenezaji wote, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia bei ya kiwandani. Angalia tu iliyomo ni ya kizazi cha DDR4 au DDR5. Haziingiliani, pengo la katikati limekaa tofauti. Zima mashine, chomoa betri, gusa chuma kuondoa umeme tuli. Ingiza kijiti kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yazame, kisha kilaze hadi vibanio vya pembeni vilie ta. Nafasi zikiwa mbili, weka vijiti viwili vinavyofanana, mashine itavisoma kwa pamoja na kufanya kazi kwa kasi zaidi.

Ukikuta Row of chips, RAM imechomelewa kwenye bodi. Na MacBook zote zenye chipu za Apple, tangu M1 ya 2020, haziongezeki RAM. Hizo lipia RAM ya kutosha siku hiyohiyo ya kununua. GB 8 usikubali, maana baadaye fundi wa kawaida hatakusaidia.