Kufuatilia shehena ya misaada kwa blokucheni, kuanzia ghalani hadi kwa mlengwa

Kabla ya kununua chochote, jiulize: katika msafara huu, nani hamwamini nani? Kama ghala, malori na kituo cha ugawaji viko chini ya shirika moja, hifadhidata ya kawaida inatosha na ina kasi zaidi. Blokucheni, yaani leja (daftari la kumbukumbu) ya kidijitali ambayo kila mshiriki ana nakala yake, ina kazi pale mashirika kadhaa yanapoandika kwenye leja moja na hakuna anayekubali mwenzake alishike daftari peke yake.

Jenga mtandao wa faragha, unaoingiwa na walioruhusiwa tu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilifanya majaribio Pakistani mwanzoni mwa 2017 kwa Ethereum ya umma, blokucheni iliyo wazi kwa yeyote, likakuta miamala inachelewa na ina ada. Mwaka huohuo, katika kambi ya Azraq nchini Jordan, likahamia mtandao wa faragha. Kwa itifaki (kanuni za kukubaliana) zinazovumilia nodi danganyifu, yaani kompyuta za mtandao zinazodanganya, nodi 4 huhimili mbovu 1, nodi 7 huhimili 2. Kila nodi iendeshwe na shirika tofauti. Nodi 4 katika ofisi moja ni daftari la mtu mmoja.

Jina, simu au alama za vidole visiingie kwenye leja kamwe, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakifutiki. Kuficha namba ya kitambulisho kwa heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data) pekee hakusaidii: namba ya tarakimu 8 ina michanganyiko milioni 100 tu, na kompyuta ya kawaida huijaribu yote kwa muda mfupi. Mpe kila mlengwa namba ya bahati nasibu ya biti 128, ndefu mno kukisiwa, na jedwali linaloiunganisha na jina likae nje ya blokucheni. Siku ya kumfuta mtu, futa mstari wake jedwalini.

Uzito wa kazi uko kwenye makabidhiano. Kila rekodi iwe na sahihi mbili za kidijitali, ya anayetoa na ya anayepokea, pamoja na namba ya mzigo, idadi, uzito, namba ya lakiri, saa, na heshi ya picha ya hati. Tuseme yametoka magunia 600 ya kilo 50, yakafika 588. Fomu ipokee namba zote mbili na sababu ya yale 12: yamechanika, yamelowa au hayaonekani. Programu inayokataa namba zisizolingana humfundisha karani kuandika 600, na blokucheni itautunza uongo huo vizuri kabisa.

Mtandao utakatika. Simu isaini rekodi papo hapo, izipange foleni, na itunze saa ya kusaini na saa ya kupokelewa. Kila simu ihesabu rekodi zake mfululizo. Baada ya 41 ikija 43, kuna iliyopotea au kufichwa.

Ufunguo wa siri, ule unaotia sahihi ya kidijitali, ni wa mtu mmoja. Makarani wakitumia simu moja, sahihi mbili zinabaki za mkono mmoja. Simu ikipotea, ufunguo ubatilishwe kwa idhini ya wasimamizi 2 kati ya 3.

Makosa hurekebishwa kwa rekodi mpya inayotaja ile ya zamani. Na kila wiki, mtu asiyetia sahihi katika ghala linalokaguliwa ahesabu kwa mkono mizigo michache iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, bila kuonyeshwa kwanza namba iliyo kwenye leja.