Jinsi ya Kuisaidia Familia Isiyo na Makazi Kupata Ruzuku ya Malezi ya Watoto Marekani

Anayemsaidia mzazi kuomba ruzuku ya malezi ya watoto nchini Marekani aanze kwa kuuliza familia inalala wapi. Sheria ya McKinney-Vento, ambayo ni sheria ya shirikisho kuhusu watu wasio na makazi, haiwatambui walio katika makazi ya dharura peke yao, bali pia watoto wanaolala ndani ya gari, kwenye moteli, au sebuleni kwa ndugu baada ya wazazi kushindwa kulipa kodi ya nyumba. Mzazi wa kundi hili la mwisho atakujibu, "Sisi tunakaa kwa shangazi," wala hajihesabu kuwa hana makazi, na kwa jibu hilo hupoteza kipaumbele ambacho sheria imempa. Msaidie alitamke jambo hilo waziwazi ofisini.

Ruzuku hutokana na mfuko wa shirikisho uitwao CCDF (Mfuko wa Malezi na Maendeleo ya Watoto), ambao husimamiwa na kila jimbo kwa kanuni zake. Kwa kawaida mtoto awe hajatimiza miaka 13, na mzazi awe anafanya kazi au anasoma. Ukipiga 211, namba ya simu ya kuulizia huduma za jamii, utaelekezwa kwenye ofisi inayopokea maombi.

Kinachowakwamisha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo mara nyingi hupotea katika purukushani za kufukuzwa nyumbani, na mzazi huahirisha ombi hadi azipate, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa kuliko yote. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 kuhusu ruzuku hii inayataka majimbo yawe na utaratibu wa kumpokea mtoto asiye na makazi huku nyaraka zikiendelea kutafutwa, chanjo zikiwemo; kwa hiyo ombi liwasilishwe mapema, kisha muda wa kutafuta nyaraka uombwe kwa maandishi. Nafasi ya anwani isiachwe wazi: ijazwe anwani ya mtu au shirika lililokubali kupokea barua, kwa sababu barua ya ofisi isipojibiwa kwa wakati, ombi linaweza kufungwa.

Ombi likikubaliwa, ustahiki hudumu angalau miezi 12. Pale penye orodha ndefu ya kusubiri, ombeni sambamba nafasi katika Head Start, mpango wa shirikisho wa malezi na elimu ya awali, kwani mtoto asiye na makazi hustahiki huko bila kujali kipato, na malezi hayalipiwi. Ikiwa mtoto mkubwa yuko shuleni, mtafuteni afisa wa McKinney-Vento wa wilaya ya shule, ambaye anaweza kuwaunganisha na huduma za wadogo zake pia.